Cherti ya Ziwa Magadi chini ya hadubini: gridi, nyuzi na ganda jeupe vinatuambia nini?

Mchunguzi_Miamba aliuliza:

Habari zenu wadau wa jiolojia. Naomba msaada wa kusoma vipande vyembamba vya cherti (mwamba mgumu wa silika) kutoka ukingoni mwa Ziwa Magadi, Kenya. Mawe yametoka kwenye Tabaka za High Magadi. Ni mabamba yenye unene wa sentimita 3 hadi 8, juu yana mipasuko iliyoungana mithili ya wavu. Nje kuna ganda jeupe laini linalobanduka kwa kucha, ndani ni kijivu cha kahawia, gumu, na linavunjika kwa mikunjo ya kikombe kama cherti yoyote.

Polaraiza (vichujio vya mwanga vya hadubini) zikiwa zimekingamana naona mwili wa jiwe wenye nukta ndogo mno za kijivu zinazozima (kuwa nyeusi meza ikizungushwa) moja moja, kiasi kwamba hata kwa lenzi ya 40 sioni mipaka ya fuwele. Kuna sehemu nyingine ambako mabaka yenye kingo zilizonyooka, yanayokutana karibu kwa pembe mraba, yanazima kwa pamoja kwa mtindo wa gridi. Kuna miduara ya nyuzi zinazotoka katikati, ina msalaba mweusi. Karibu na ukingo kuna sehemu nyeusi tii hata nikizungusha meza. Halafu kuna vitundu vyenye umbo la kabari, baadhi vimejaa kwatzi safi.

Maswali yangu: gridi hiyo ndiyo ushahidi kwamba jiwe lilianza kama magadiaiti, ile silikati ya sodiamu yenye maji? Nimepima unga wa jiwe kwa difraksheni ya eksirei (kipimo kinachotambua madini kwa pembe za vilele vya mionzi) kuanzia pembe ya nyuzi 10 hadi 70 na nimepata kwatzi peke yake. Pia ganda jeupe lilikuwa likimong'onyoka wakati wa kukata, kwa hiyo fundi wa maabara alilipunguza kabla ya kubandika kwenye kioo. Je, hilo linaharibu kazi?

---

Kalsedoni alijibu:

Nianze na swali la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote: ndiyo, linaharibu. Katika cherti ya aina ya Magadi ganda ndilo lenye habari nyingi kuliko kiini. Jiwe linageuka kutoka silikati ya sodiamu kwenda kwatzi, na mabaki ya ile ya kwanza, yakiwapo, yako nje au kwenye mpaka wa ganda na kiini. Ukilikata ganda, unabaki na kwatzi, na kwatzi ya mikroni chache inafanana Magadi, Ufaransa na Marekani.

Kipande kinachofaa ni kile kinachovuka jiwe: ganda, mpaka, kiini. Fanya hivi. Chagua bamba ambalo halijaoshwa. Likaushe kwenye joto lisilozidi nyuzi 40 za Selsiasi, kwa sababu magadiaiti ina maji ndani ya muundo wake, na ukiitia kwenye tanuri la nyuzi 105 kama udongo wa kawaida unaibadilisha kabla hujaiona. Kabla ya msumeno, lishibishe epoksi nyepesi ndani ya chombo cha ombwe, dakika 10 hadi 15, kisha rudisha hewa polepole ili epoksi isukumwe ndani ya vitundu. Acha igande kwa joto la chumba hadi siku ya pili. Ongeza rangi ya bluu kwenye epoksi. Itakuokoa baadaye unapojiuliza kama sehemu nyeusi ni tundu au ni opali (silika yenye maji).

Kama unashuku kuna trona au chumvi nyingine ndani ya vitundu, usikate wala kusaga kwa maji. Tumia mafuta mepesi ya madini, kisha safisha kwa alkoholi ya isopropili. Lakini epoksi itangulie mafuta. Jiwe likishanywa mafuta epoksi haishiki, na kipande kitabanduka kwenye kioo ukiwa umebakiza mikroni 50.

Kuhusu unene: mikroni 30 ni kipimo cha kawaida, ila kwa mwili wa jiwe ulioueleza hakitoshi. Fuwele za mikroni 5 zikipangana ndani ya unene wa mikroni 30, unatazama sita kwa mpigo, na kila moja inaficha nyingine. Ndiyo maana huoni mipaka hata kwa lenzi ya 40. Tengeneza kipande kimoja cha mikroni 30 na kingine cha 15 hadi 20 kutoka uso ule ule. Pima unene kwa kutumia kwatzi kubwa iliyojaza vitundu vyako. Kwa mikroni 30 rangi yake ya juu kabisa ni nyeupe, labda na dalili hafifu ya manjano. Ikiwa manjano kamili bado uko kwenye 40, endelea kusaga kwa unga wa namba 1000 huku ukiangalia kila baada ya mizunguko michache. Ganda ni laini kuliko kiini, kwa hiyo litaisha kwanza. Bonyeza upande wa kiini.

Sasa hiyo difraksheni. Umeanza nyuzi 10, na vilele unavyovitafuta viko chini ya hapo. Kwa mionzi ya shaba, kilele kikuu cha magadiaiti kiko karibu na 5.7 (nafasi kati ya tabaka za fuwele ya angstromu 15.6 hivi), na cha kenyaiti, silikati ndugu yake, karibu na 4.5 (angstromu 19.8 hivi). Hata kama ganda lote lingekuwa magadiaiti, kilele chake kikubwa kingebaki nje ya grafu yako.

Rudia hivi: kwangua ganda kwa kisu, saga kwa mkono kwenye kinu cha agati ukitia ethanoli kidogo. Usitumie kinu cha mipira kwa muda mrefu, kinavuruga muundo wa tabaka na vilele vinatanuka. Pima kutoka 2 hadi 40, hatua ya 0.02, sekunde 2 kwa kila hatua. Ni takribani saa moja. Tumia mwanya mwembamba wa mionzi, robo nyuzi, la sivyo kwenye pembe za chini mionzi inamwagika nje ya sampuli na mandharinyuma inameza kilele.

Na tafadhali usiondoe kabonati kwa asidi kabla ya kipimo hicho. Watu wanafanya hivyo kwa mazoea ya mawe ya chokaa. Asidi inanyonya sodiamu kutoka magadiaiti na kuweka hidrojeni mahali pake, nafasi kati ya tabaka inapungua, na unaishia kutafuta kilele ambacho umekihamisha mwenyewe. Kabonati iondoe kwa sindano chini ya hadubini ndogo.

---

MamaZeolaiti alijibu:

Kabla hujakwangua ganda lolote, soma hili kwanza.

Mashapo ya Magadi yana zeolaiti (madini ya silikati yenye maji ndani ya muundo wake), na mojawapo iliyo nyingi ni erioniti. Erioniti ni ya nyuzi, na imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Vijiji vya Kapadokia nchini Uturuki vilivyojengwa juu ya tufu (mwamba wa majivu ya volkano) yenye erioniti vilipata mesothelioma (saratani ya utando wa mapafu) kwa kiwango cha kutisha. Ganda jeupe linalobanduka kwa kucha linaweza kuwa silikati ya sodiamu, opali, kalsaiti au mchanganyiko wa hayo na zeolaiti. Kwa macho huwezi kutofautisha.

Kwa hiyo kwangua chini ya kabati la kunyonya hewa, unga uwe umelowa ethanoli muda wote, vaa barakoa ya FFP3 au P100 iliyobana usoni, na meza ifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Kiini nacho kina hatari yake: vumbi la kwatzi linaleta silikosisi, kwa hiyo hakuna kusaga pakavu.

Kwenye grafu, erioniti inaonekana karibu na 7.7, analsimu karibu na 15.8 na 26.0. Hicho cha 26.0 kinakaa begani mwa kilele kikuu cha kwatzi cha 26.6, na kipimo cha haraka kinaweza kukiunganisha nacho. Tena, kilele cha angstromu 12 hadi 15 kinaweza kuwa udongo wa smektaiti. Weka sampuli kwenye mvuke wa glikoli kwa nyuzi 60 usiku kucha, kisha pima tena. Kilele kikihamia karibu na angstromu 17 ulikuwa na smektaiti.

---

Kalsedoni alijibu:

Asante kwa hilo, nilipaswa kulitanguliza. Nirudi kwenye maumbo aliyoyaona.

Miduara yenye msalaba mweusi ni kalsedoni, yaani nyuzi za silika zinazokua kutoka kitovu kimoja. Usiandike "kalsedoni" ukaishia hapo, pima urefu wake wa kimwanga, yaani kama mwanga unaotetema kando ya urefu wa nyuzi ni wa kasi au wa polepole. Ingiza bamba la lambda la hadubini. Tafuta nyuzi zinazoelekea upande ule ule na mwelekeo wa polepole wa bamba. Kwa hadubini nyingi ni kaskazini-mashariki, ila soma alama kwenye bamba lenyewe au jaribu kwa fuwele ndefu ya kwatzi, ambayo mhimili wake mrefu ndio wa polepole. Nyuzi zikiwa za manjano au chungwa kwenye mwelekeo huo, ni kalsedoni ya kawaida, yenye urefu wa kasi. Zikiwa za bluu, ni ile yenye urefu wa polepole, yaani kwatzini.

Tangu 1971 hiyo ya pili inatajwa kama alama ya chumvi zilizotoweka, na katika bonde kama la Magadi mtu anaweza kuikimbilia. Ni kidokezo kizuri, ila imeonekana pia mahali ambapo hapakuwahi kuwa na chumvi. Iandike pamoja na mahali ilipo: imejaza tundu, imechukua nafasi ya fuwele, au imo mwilini mwa jiwe? Ile iliyojaza tundu inakuambia habari za maji yaliyopita baadaye.

Vitundu vya kabari vinanipa hamu kuliko vyote. Kwenye Magadi umbo hilo mara nyingi ni gailusaiti, kabonati ya sodiamu na kalsiamu yenye maji. Trona inaacha alama ndefu nyembamba, mara nyingi zimetawanyika kama vijiti kutoka sehemu moja. Kalsaiti na dolomaiti zinaacha msambamba wenye pembe zake za kawaida. Gailusaiti ikikutana na maji matamu inayeyuka na kuacha kalsaiti katika umbo lake, kwa hiyo tundu lenye kalsaiti chafu ya punje punje ndani ya umbo la kabari lina hatua mbili za historia kabla silika haijaingia. Pima pembe kwenye fuwele nyingi, si moja, kwa sababu kipande chembamba kinakata umbo kwa mwelekeo wa bahati nasibu.

Kwenye kipande kisicho na kifuniko unaweza kupaka rangi: alizarini nyekundu S asilimia 0.2 ndani ya asidi ya hidrokloriki ya asilimia 1.5, nusu dakika hivi, kisha suuza taratibu. Kalsaiti inakuwa waridi hadi nyekundu, dolomaiti inabaki ilivyo. Fanya hivyo kwenye kipande ulichokwisha kumaliza kazi ya ganda, kwa sababu niliyoieleza juu: hata asidi hafifu inaigusa magadiaiti.

Ile sehemu nyeusi tii: kama uliweka epoksi ya bluu, toa polaraiza ya juu na utazame. Bluu ni tundu. Isipokuwa bluu, fuata mstari wa Becke (mstari angavu ukingoni mwa madini). Kipeo cha mpindo (kiwango cha kupinda mwanga) cha opali ni takribani 1.43 hadi 1.46, epoksi za kazi hii ziko karibu na 1.55. Funga mwanya wa kondensa, shusha meza kidogo: mstari angavu utakimbilia kwenye epoksi, na opali itaonekana imezama ikiwa na mipaka mizito. Kwatzi ya 1.544 hadi 1.553 karibu haionyeshi mpaka wowote na epoksi hiyo. Kwenye grafu, opali-A (isiyo na fuwele) ni kilima kipana karibu na 22, na opali-CT (iliyoanza kupangika) ni kilele kinene karibu na 21.7. Ukikuta opali-CT kwenye mpaka wa ganda na kiini, hiyo ni hatua ya kati kuelekea kwatzi, chora ramani yake.

---

Tabaka_la_Pili alijibu:

Naomba nipinge kidogo jinsi swali lilivyowekwa, na nina hofu majibu yanaelekea kulikubali bila kulihoji.

Wazo la kwamba cherti ya Magadi ilitokana na magadiaiti lilitolewa na Hans Eugster mwaka 1967, alipoyaeleza madini mawili mapya kutoka hapo, magadiaiti na kenyaiti. Kemia yake ni imara. Maji ya bonde lile ni ya alkali kali, silika inayeyuka humo kwa zaidi ya miligramu 1,000 kwa lita, na maji matamu yakija juu, au alkali ikipungua, silika inaganda pamoja na sodiamu. Baadaye sodiamu na maji vinatoka, ujazo unapungua, na mipasuko ya wavu kwenye mabamba yako inaelezeka vizuri kwa kusinyaa huko. Kwenye Tabaka za High Magadi magadiaiti yenyewe bado ipo, na unaweza kuikuta ikibadilika hatua kwa hatua kuwa cherti ndani ya tabaka moja.

Lakini haifuati kwamba kila cherti ya Magadi imepitia njia hiyo. Zile za Tabaka za Kijani, zilizo za zamani zaidi, nyingi zina dalili za kitu kilichokuwa laini na chenye kutiririka: zimepenya juu kupitia nyufa za mashapo, zimekunjwa, na zimebeba juu yake chapa za fuwele za chumvi. Mwaka 2021 kulichapishwa kazi juu ya mifumo ya mizingo ndani ya cherti za huko, na watafiti wake waliisoma kama alama ya jeli ya silika. Wapo pia waliotetea mchango wa bakteria. Kiini cha mashapo (nguzo ndefu iliyotolewa kwa kuchimba) cha Magadi cha mwaka 2014 kinaonyesha cherti katika kina mbalimbali, ambako magadiaiti haipo tena.

Sasa gridi. Gridi ya kuzima imeelezwa kwenye cherti za Magadi, na ni umbo la kutilia maanani. Inachosema kwa uhakika ni kwamba kwatzi ilikua kwa kufuata mpangilio fulani uliokuwapo. Mpangilio huo unaweza kuwa wa mabamba ya magadiaiti. Unaweza pia kuwa wa jeli iliyopasuka wakati wa kukauka, au wa fuwele nyingine iliyobadilishwa yote. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni: gridi iko wapi ukilinganisha na miduara ya kalsedoni, vitundu vya kabari na mipasuko? Kama mpasuko unakata gridi, gridi ilitangulia kusinyaa. Kama gridi inaendelea ndani ya umbo la kabari bila kujali ukingo wake, fuwele ile ilikuwa imekwisha kubadilishwa kabla gridi haijakua. Chora mpangilio wa nani alikata nani kwenye vipande visivyopungua vitatu vya bamba moja. Hapo ndipo hoja yako itasimama.

Kwa kulinganisha, chukua Olduvai upande wa Tanzania. Vinundu vya cherti vya Tabaka II, ambavyo watengenezaji wa zana za mawe walivitumia kwenye eneo la akiolojia la MNK, vilifanyika katika ziwa la chumvi na alkali pia. Vina ganda, vina maumbo ya ajabu ya vidole na vifundo, na vina chapa za fuwele. Ni mahali pazuri pa kujifunza macho. Kinyume chake, cherti ya miamba ya chuma yenye mistari ya Geita haitakusaidia kabisa kwa maumbo ya mwanzo: joto na mgandamizo vimeikuza kwatzi upya, mipaka ya fuwele imenyooka na kukutana watatu watatu kwa pembe za karibu nyuzi 120, na sumaku yake ya chuma imepangwa upya nayo.

---

Mchunguzi_Miamba aliuliza tena:

Nashukuru sana wakuu. Mawili yamebaki. Nitajuaje kwamba miduara yangu si viumbe, kwa mfano radiolaria? Na nikienda kwenye hadubini ya elektroni, nitafute nini, maana muda wa mashine ni mdogo?

---

Tabaka_la_Pili alijibu:

Radiolaria ni wa baharini, kwa hiyo Magadi hawapo. Ila swali ni halali kwa mtu mwenye sampuli asiyojua ilikotoka. Mzimu (alama iliyobaki) wa radiolaria ni duara lenye ukingo unaoeleweka, mara nyingi kipenyo cha mikroni 100 hadi 200, na kujazwa kwake kunaanzia ukingoni kwenda katikati. Miduara yako nyuzi zinatoka katikati kwenda nje, na ukubwa unabadilika ovyo, miwili ikikutana inabanana kwa mstari ulionyooka. Huo ni ukuaji wa fuwele. Gumegume la chaki ya Uingereza nalo lina miiba ya sifongo: vijiti vyenye mfereji katikati, na vikikatwa kingamo vinaonekana pete. Ziwani angalia dayatomu (mwani wenye gamba la silika) kwenye ganda, kwa mwanga wa kawaida, polaraiza ya juu ikiwa nje, kwa sababu opali yao haionekani zikikingamana.

---

Kalsedoni alijibu:

Kwa hadubini ya elektroni, peleka vitu viwili tu: kipande cha mpaka wa ganda na kiini kilichovunjwa muda huo huo, na kipande chembamba kilichong'arishwa kwa almasi ya mikroni 6, 3, kisha 1.

Kwenye uso uliovunjwa tafuta mabamba membamba yaliyojikusanya mithili ya waridi, hayo ni ya magadiaiti. Opali-CT inakuwa vitufe vya mikroni 5 hadi 10 vilivyojengwa kwa vipapi vilivyopishana. Erioniti ni nyuzi zilizonyooka. Ukishauriwa kuung'ata uso kwa asidi ya hidrofloriki ili maumbo yatoke, kataa. Inaua, na hapa haihitajiki. Uso mpya uliovunjwa unatosha. Kama picha inang'aa na kuhama, koti la kaboni halijafika kwenye pembe: paka fedha ya kioevu kutoka sampuli hadi kwenye kishikio.

Kwenye kipande kilichong'arishwa pima sodiamu. Magadiaiti safi ina sodiamu ya karibu asilimia 4 kwa uzani, kwatzi haina. Tatizo ni kwamba sodiamu inakimbia mwali wa elektroni, na ukipima nukta moja kwa sekunde 60 utasoma karibu sifuri ukadhani umepata kwatzi. Tumia kilovolti 15, mkondo mdogo, mwali uliotanuliwa hadi mikroni 10, na fanya vipimo vifupi vya sekunde 10 ukihamisha mwali. Linganisha usomaji wa kwanza na wa pili mahali pale pale: ukishuka, sodiamu ilikuwapo. Angalia na klorini pia. Sodiamu na klorini zikipanda pamoja unapima chumvi iliyokauka vitunduni, lakini kumbuka epoksi nyingi nazo zina klorini kidogo.

Kama maabara ina Raman (kipimo cha mtawanyiko wa mwanga wa leza), elekeza kwenye kiini na kalsedoni. Kwatzi iko 464 kwa sentimita, moganaiti (aina nyingine ya silika) karibu na 501, na moganaiti hupenda cherti za mazingira ya chumvi. Usiipigie hesabu ya asilimia kwa kilele hicho peke yake, kwa sababu vikundi vya silanoli (silikoni yenye hidroksili) vinatoa kilele karibu na 503 na vinajificha chini yake. Thibitisha kwa difraksheni iliyopimwa polepole. Na uweke pembeni nusu ya bamba, kavu, kwenye mfuko uliofungwa, bila kuoshwa wala kushibishwa epoksi, ili mtu akihoji kilele cha 5.7 uwe na ganda la kukwangua tena.